Meya wetu anaenda Washington kuomba hela, hii sio rushwa?

"Shikamoo mtaalam. Mimi mtu wa Mombasa, naishi Ohio mwaka wa 8 huu, nina grinikadi. Juzi nilienda kikao cha baraza la jiji kwa mara ya kwanza nikasikia wanapitisha dola 90,000 za kulipa kampuni ya lobi huko Washington, na meya na madiwani wawili wamelipiwa ndege na hoteli kwenda kuomba pesa za miradi. Nilishangaa sana. Kwetu Kenya kaunti ina mgao wake kwa katiba, sasa huku nchi tajiri meya anaenda kupiga magoti? Na kulipa watu wakakuombee si ni rushwa tu iliyovaa suti? Mtaani kwetu tumejaa Waswahili, Wakongo na Warundi, watoto wanatembea pembeni ya barabara ya njia nne kwenda shule na hakuna hata njia ya waenda kwa miguu, mwaka jana mtoto wa jirani aligongwa akavunjika mguu. Tukiomba tunaambiwa hakuna bajeti. Je hizo hela za Washington zinaweza kutufikia? Na mimi ambaye sio raia naruhusiwa kusema kitu au nitajiharibia makaratasi yangu?"

Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa huyo mtoto, natumaini mguu umeunga vizuri. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye ofisi ya ruzuku ya jiji moja huku Midwest, kazi yangu ilikuwa kuandika maandiko ya miradi, na safari hizo za Washington nimeenda mara nne nikiwa nimebeba mafaili ya meya. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa ndani ya vile vyumba. Swali lako la rushwa nitalijibu, ila naona kabisa kinachokuuma ni ile barabara, na huko ndo nataka tufike.

Kwanza hili la Kenya, maana Waswahili wengi wanakuja huku na picha hiyo kichwani. Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika wazi kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zipate sio chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hata hivyo kila mwaka magavana wanavutana na Bunge juu ya Mswada wa Ugavi wa Mapato, lakini angalau pa kushika papo. Sasa chukua katiba ya Marekani uisome mwanzo mpaka mwisho, hutakuta popote jiji limepewa mamlaka wala fungu. Inaongelea serikali ya shirikisho na majimbo basi. Jiji ni mtoto wa jimbo, jimbo ndo limemzaa na jimbo linaweza kumbadilisha linavyotaka, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilisema hivyo mwaka 1907 kwenye kesi ya Pittsburgh na haijawahi kugeuza. Kwa hiyo meya wako hana mgao wa katiba anaoudai kwa haki. Kuna kipindi Washington ilikuwa inagawa hela kwa miji na majimbo bila masharti mengi, Rais Nixon alisaini mpango huo 1972, lakini 1986 ulifutwa na haujarudi tena kwa sura ile. Tangu hapo karibu kila senti inayotoka juu ina jina lake, masharti yake na dedlaini yake. Hapo ndo safari za kuomba zinapozaliwa.

Na sio kitu kipya. Mwaka 1932 uchumi ulipoporomoka, miji ikashindwa kulisha watu wasio na kazi, mameya walikutana Detroit wakiitwa na meya wao Frank Murphy wakaenda kuibana Washington, na ndo mwaka huohuo ulipoanzishwa Umoja wa Mameya wa Marekani ambao mpaka leo unakutana Washington kila Januari. Mwezi wa tatu wanaenda tena wengine, wa ule umoja wa miji uliopo tangu 1924. Kwa hiyo ukimuona meya wako yuko huko Januari au Machi ujue hajaenda peke yake, mahoteli yote yamejaa mameya.

Sasa rushwa. Nitakuambia kilichopo kisheria halafu nitakuambia panaponisumbua mimi mwenyewe. Kumlipa mtu akakusemee mbele ya wabunge hapa ni kazi halali, ila ina daftari. Tangu sheria ya 1995 kampuni ya lobi lazima ijisajili na ipeleke ripoti, siku hizi kila miezi mitatu, inayosema mteja wake nani, imelipwa kiasi gani na imeongelea mambo gani. Ripoti hizo ziko wazi kwenye mtandao wa Seneti, bure, andika jina la jiji lako utaziona. Sheria nyingine ya 2007 ilikaza zaidi, mlobi aliyesajiliwa kwa kawaida haruhusiwi kumpa mbunge zawadi, na kuna adhabu. Tena jiji haliruhusiwi kuchukua hela za ruzuku ya Washington na kuzitumia kulobi Washington, imekatazwa tangu 1989, kwa hiyo zile dola 90,000 lazima zitoke kwenye mfuko wa jiji lenyewe, yaani kodi zenu za mji. Ndo maana zilibidi zipigiwe kura mbele yako, na wewe ukasikia. Rushwa haipitishwi kwenye kikao chenye maikrofoni.

Panaponisumbua ni hapa. Mlobi hawezi kumpa mbunge zawadi lakini anaweza kumchangia kwenye kampeni kama mtu mwingine yeyote, ni halali, na sijawahi kuzoea kuiona. Na jambo la pili, mji wenye uwezo una mlobi, una mwandishi wa maandiko, una injinia wa kuchora michoro mapema, halafu kamji maskini ambako barabara ndo mbaya zaidi hakana hata mmoja kati ya hao, wanashindania mfuko uleule. Hiyo sio rushwa ila sio haki pia, na ukilisema hilo kwenye kikao kijacho utakuwa umesema kweli tupu.

Je 90,000 ni hela ya kutupa? Inategemea. Ningekuwa wewe ningeuliza diwani swali moja tu la upole, mwaka jana kampuni hii ilituletea nini na kwa mradi gani kwa jina. Wakiwa na jibu la haraka basi sawa. Wakianza kuzunguka zunguka na maneno ya "kujenga mahusiano" hapo pana shida.

Watu wanadhani meya anaingia kwa seneta, wanapeana mikono, anatoka na hundi. Ukweli ni kwamba mara nyingi tulikuwa tunapewa dakika 15 au 20, na wanaokupokea ni vijana wa ofisi, mwenye miaka 25 hivi ana daftari na uchovu wa kusikiliza miji mingine sita tangu asubuhi. Na kijana huyo haulizi kama mradi ni mzuri, anajua kila mtu atasema wake mzuri. Anauliza michoro imefika asilimia ngapi, hela ya jiji ya kuchangia iko wapi, barabara ni ya nani, mradi uko kwenye mpango wa usafiri wa ukanda wenu, na barua za wananchi ziko wapi. Safari yangu ya kwanza tulienda na picha kubwa nzuri ya rangi ya daraja la watembea kwa miguu, hatuna michoro ya injinia, hatuna mchango, barua tuna mbili. Tuliagwa kwa heshima sana na hatukupata hata senti. Miaka miwili baadaye mradi uleule, ofisi ileile, tukaenda na faili lililokamilika, picha hatukubeba kabisa, ukapita kamati. Ushawishi wenyewe unafanyika nyumbani kabla ya ndege, ndugu yangu, na huko nyumbani ndo wewe una nguvu kuliko unavyodhani.

Hebu tuangalie hizo hela zenyewe sasa, maana hazifanani. Kuna zile za fomula ambazo hazihitaji kulobi kwa mradi mmoja mmoja, zinakuja zenyewe kila mwaka kwa hesabu ya idadi ya watu, umaskini, msongamano wa nyumba na uzee wa nyumba. Mfuko mkubwa wa aina hiyo ulianzishwa na sheria ya 1974, unasimamiwa na wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, HUD, na watu wa maofisini wanauita CDBG, shika hizo herufi maana utazisikia sana. Miji mingi ya kuanzia watu 50,000 inaupata moja kwa moja, na angalau asilimia 70 ya hela lazima ifaidishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Njia ya waenda kwa miguu inaruhusiwa kabisa kujengwa kwa hela hii kama eneo linalohudumiwa ni la makazi na asilimia 51 ya wakazi wake wana kipato hicho. Mtaa uliojaa familia za wahamiaji wa viwandani na maghala mara nyingi unafuzu bila shida, ila lazima mtu aseme. Na sheria inalilazimisha jiji kufanya vikao vya wazi visivyopungua viwili kwa mwaka kusikiliza wananchi kuhusu matumizi ya hela hizo. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Viti 40, watu 5, na wawili kati ya hao walikuwa wafanyakazi wenzangu. Siku moja walikuja kina mama 12 wa Kisomali kuhusu taa za barabarani, wakaongea mmoja mmoja dakika 2, na nakuapia taa zile ziliingia kwenye mpango mwaka uleule kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyeomba kitu kwa uzito ule.

Halafu kuna hela za kushindania. Ile sheria kubwa ya miundombinu aliyosaini Biden Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano kwa ajili ya usalama barabarani kwa miji na kaunti, na ndani yake kuna fungu la kupanga na fungu la kujenga, huwezi kuomba la kujenga kama huna kwanza mpango wa usalama uliokamilika. Uliza jiji lenu kama wanao mpango huo na kama barabara yenu imo. Muda wa sheria hiyo ulipangwa kuishia 30 Septemba 2026 na kinachofuata kinategemea Kongresi, kwa hiyo usikubali kuambiwa "tutaomba tu baadaye".

Na kuna ile ambayo meya wako hasa ndo aliifuata, hela ambazo mbunge au seneta anaombea mradi mmoja kwa jina ndani ya bajeti. Zamani zilileta aibu, mfano mkubwa ni lile daraja la Ketchikan kule Alaska, mwaka 2005 lilitengewa dola milioni 223 kwenda kisiwa chenye wakazi kama 50 tu, watu wakalibatiza daraja la kwenda kusikojulikana na halikujengwa. Mwaka 2011 Kongresi ikasimamisha mtindo huo kabisa, ukarudi 2021 ukiwa umefungwa kamba, mbunge lazima aweke maombi yote wazi mtandaoni, athibitishe kwamba yeye wala familia yake hawana maslahi, kampuni za faida hazipati kitu, na jumla isizidi asilimia 1 ya matumizi yanayopangwa kila mwaka. Kwa bajeti za 2023 mpaka 2026 kila mbunge wa Bunge la Wawakilishi alikuwa na nafasi 15 tu. Na sasa nisikilize vizuri, ni lazima aonyeshe ushahidi kwamba jamii inautaka mradi, na ushahidi mmojawapo wanaoukubali ni barua. Barua ya imamu, barua ya mchungaji wa kanisa la Wakongo, barua ya mkuu wa shule, ya chama cha wazazi. Mimi nilikuwa nalala usiku wa manane nikizisaka barua hizo kwa simu, tungekuwa na mtaa unaozileta wenyewe tungewabeba mgongoni.

Lakini nisikudanganye, mlango huu unaweza kufungwa usoni. Mwaka wa fedha wa 2025 miji mingi ilishaombewa miradi, mingine imepita kamati, watu washaanza kushangilia, kisha Machi 2025 Kongresi ikapitisha bajeti ya kuendeleza matumizi kwa mwaka mzima na miradi yote ile ya majina ikaachwa nje. Ikafa hivihivi. Mji uliokuwa umeegemea mlango huo mmoja ulibaki unajiangalia. Ndo maana mtu mzoefu haweki mradi kwenye mfuko mmoja.

Na huko kwenu Ohio mna mfano wa subira ambao siuchoki. Daraja la Brent Spence linalounganisha Cincinnati na Kentucky lilifunguliwa 1963, lilijengwa kwa magari kama 80,000 kwa siku, leo yanapita mara mbili ya hapo. Mameya, magavana na wafanyabiashara wa pande zote mbili walilia nalo Washington miaka na miaka. Obama alienda kuhutubia karibu yake Septemba 2011, hakuna kilichotokea. Novemba 2020 malori mawili yakagongana yakawaka moto pale juu, daraja likafungwa wiki sita hivi. Ilipokuja ile sheria ya 2021 yenye mfuko wa madaraja makubwa, wao faili lilikuwa tayari mezani, mwisho wa 2022 wakapewa dola bilioni 1.6 na zaidi, na Januari 2023 Biden na McConnell, seneta wa Kentucky wa chama pinzani, ambao hawakupatana kwa mengi, wakasimama pale pamoja. Waliopata ni waliokuwa wameshajiandaa siku mfuko ulipofunguka.

Turudi barabarani kwenu. Kitu cha kwanza kabisa, jua barabara ni ya nani. Njia nne yenye namba ya njia kuu inaweza kuwa ya jimbo, au ya kaunti, na ndo maana jiji linawajibu kwa mkato. Piga simu ofisi ya injinia wa jiji uwaulize hilo tu.

La pili, na hili naomba ulifanye wiki hii, ulizeni kama ajali ya huyo mtoto ina ripoti ya polisi. Nauliza kwa sababu najua watu wetu, dereva akiomba msamaha akatoa hela kidogo ya hospitali wanasema yaishe, polisi wa nini. Nawaelewa kabisa. Lakini maombi yote ya hela za usalama yanachorwa kwa ramani ya ajali, na ramani ile inatengenezwa hasa na ripoti za polisi. Mtoto aliyevunjika mguu bila ripoti, kwa Washington hajawahi kugongwa. Kama ripoti ipo chukueni namba yake na muiweke kwenye kila barua. Kama haipo, wazazi wake wakamuone wakili wa majeruhi ana kwa ana, wengi hawatozi kikao cha kwanza, awaeleze kama bado inawezekana kuripoti na kama mtoto ana madai, maana mambo ya muda wa kudai siwezi kukupimia kwa maandishi.

Kwa uzoefu wangu hela ya shirikisho kwa njia ya waenda kwa miguu ni miaka mitatu mpaka mitano toka barua ya kwanza mpaka zege. Miradi mingi ya barabara inadai jiji lichangie asilimia 20, jiji linalipa kwanza ndo linarudishiwa, kuna uchunguzi wa mazingira, kuna viwango vya mishahara ya mafundi. Watoto wenu watakuwa sekondari. Kwa hiyo wakati faili kubwa linatembea ombeni vitu vidogo ambavyo jiji linaweza kwa bajeti yake, zebra iliyopakwa upya, taa ya kumetameta karibu na shule, mtu wa kuvusha watoto asubuhi, kipima spidi. Diwani anapenda vitu vya namna hii maana vinaonekana kabla ya uchaguzi. Na kama kuna njia ya jiji kujenga kipande kifupi kwa hela yake yenyewe, mimi ningechukua hicho kipande leo kuliko kusubiri chote cha Washington.

Sasa makaratasi yako. Kwenda kwenye kikao, kuongea dakika zako 2 au 3, kumwandikia diwani, meya, hata mbunge wa Kongresi, yote hayo ni ruksa kwa mtu wa grinikadi, mbunge anawakilisha wakazi wote wa eneo lake sio wapiga kura tu. Kinachoharibu makaratasi ni kupiga kura au kujiandikisha kupiga kura kabla ya uraia, hata kwa bahati mbaya, hata kama mtu wa ofisi ya leseni alikuuliza haraka haraka ukasema yesi. Nimeona familia ikilia kwa kosa hilo. Kuwa makini pia na karatasi za kukusanya sahihi za kuweka jambo kwenye kura, zile zinataka sahihi za wapiga kura walioandikishwa, usisaini, ila barua ya kawaida ya wakazi saini kwa amani. Kama kuna mtu mtaani ana kesi ya hifadhi inayosubiri, au hana makaratasi, au ana jambo la polisi huko nyuma, asisimame mbele kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji au mwakilishi anayetambuliwa na serikali, sio yule jamaa wa kujaza fomu dukani. Raia na wenye grinikadi waongee kwa niaba yake.

Na mkalimani ombeni mapema, siku kadhaa kabla ya kikao, kwa maandishi. Mama wa Kirundi akiongea Kiswahili chake mwenyewe kuhusu mwanawe, ile sauti inafika kuliko mimi nikimsemea kwa Kiingereza cha ofisini.

Swali la mwisho hukuliuliza ila linahusu, sensa. Ile ya 2020 haikuuliza uraia, mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilizuia swali hilo lisiwekwe, na fomula nilizokutajia hapo juu zinakula namba za sensa. Nyumba yenye watu 9 iliyoandika 4 imepunguza hela ya mtaa kwa miaka 10. Inayofuata ni 2030, anzeni kuzungumza msikitini na kanisani mapema.

Ukishajua barabara ni ya jiji, ya kaunti au ya jimbo, na ukipata ile namba ya ripoti, niandikie tena na unitajie tarehe ya kikao kijacho cha CDBG, nikusaidie kupanga hizo dakika 2.